Toleo la Tatu Halina Jana

Tartu, Januari, saa nane za usiku.
Mto Emajõgi umeganda ukingo kwa ukingo
nami nasoma maandishi mekundu:
Mita inataka Saa, toleo la pili.
Ramani inataka Saa, toleo la tatu.
Mashine haisemi samahani,
inasema haiwezekani, kisha inanyamaza.

Nilibadilisha kitu kimoja tu, jamani.
Kimoja! Rangi ya mstari kwenye ramani ya mabomba,
maana Tarvi wa kituo cha joto macho yamemchoka,
bluu yetu haioni.
Rangi mpya ikataka ramani mpya,
ramani mpya ikamwita binamu yake,
binamu akaja na mashemeji, mashemeji na watoto wa kufikia.
Mchana nilimkaribisha mgeni mmoja;
sasa ninao mia mbili na kumi na saba
na wawili kati yao hawasalimiani.

Waliosema fahali wawili hawakai zizi moja
hawakuliona zizi hili:
fahali ni yule yule mmoja,
miaka yake ndiyo inayopigana pembe.

Endel, aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
alipiga kila toleo kufuli,
akaandika juu yake USIGUSE
akahamia Perth.
Ningeweza kulirudisha kufuli la Endel, nikalale.
Tarvi angeendelea kukisia bomba.

Nikashuka, kifurushi ndani ya kifurushi,
hadi chini kabisa, penye faili moja,
mistari mia na arobaini,
mtunzaji mmoja: Zdenka Hrubá wa Olomouc.
*Hujibu Jumapili. Siku nyingine nauza miwani.*
Na chini ya toleo la tatu ameandika:

*Nimeiondoa amri iitwayo jana.
Ilirudi nyuma saa ishirini na nne
ikaapa kwamba hiyo ndiyo siku.
Lakini ipo siku ya saa ishirini na tatu,
na ipo ya ishirini na tano.
Imedanganya miaka sita. Mnisamehe.
Anayeitaka jana aihesabu mwenyewe.*

Mita haiwezi. Mita inaishi kwa jana:
kila nyumba hulipa joto la jana,
na Bibi Leelo wa ghorofa ya nne
hufunga bomba la jikoni, akavaa koti ndani,
ili jana yake iwe ndogo.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini.
Sawa. Lakini mji mzima umeota moto miaka sita
kwa cha muuza miwani
asiyejua kwamba sisi ni nduguze,
na hakuna aliyemtumia hata senti.

Basi nikaifungua Mita, nikaikata jana ya zamani,
nikaandika yangu, mistari kumi na mmoja,
inayoiuliza kalenda kwanza:
jana ilikuwa na saa ngapi?
Juu yake nikaweka jina la Zdenka,
aliyeuona uongo kabla yetu.

Saa kumi na moja. Kijani.
Wageni wote wamekaa.

Sikuondoka. Nilirudi kwenye bili za zamani:
kila Machi, saa zinaposogezwa mbele,
Bibi Leelo amelipa saa moja mara mbili.
Kila Oktoba, saa moja haikulipwa.
Mhasibu atasema ngoma droo.
Mhasibu huyo hajalala Tartu mwezi wa Machi
akiwa amefunga bomba la jikoni.

Nimemwandikia Zdenka barua fupi.
Leo ni Alhamisi, nitangoja.
Swali la kwanza ni juu ya malipo yake.
La pili ni juu ya macho ya Tarvi.